Kutoka Kariakoo hadi Guzhen: kila programu ya kutafsiri na kazi yake

Alhamisi, Dar es Salaam

Wafanyabiashara wengi wanaokwenda China hushughulikia viza, tiketi na fedha, kisha suala la lugha wanasema, "Tutapakua tukifika." Ukifika umechelewa. China bara imezifunga huduma za Google, WhatsApp na Facebook, na hata duka la programu la Google, ambalo simu zetu nyingi zinalitegemea, halifunguki kwa intaneti ya kule. Kisichoingia kwenye simu kabla ya kupanda ndege ni kazi kukipata baadaye. Kwa hiyo leo, baada ya kufunga duka, mimi na mdogo wangu tumekaa na chaja zetu pembeni tukapakua kila tutakachohitaji.

Mimi nafuata taa za LED, swichi na soketi. Yeye anafuata mabegi. Kiingereza changu kinatosha kuandikia barua pepe. Chake ni cha kuombea maji, ila kwa Kiswahili hakuna muuzaji wa jumla atakayemshinda kupatana bei. Nataka afanye biashara kwa lugha anayoimudu. Hilo ndilo lililoniongoza kuchagua.

Watu huuliza programu ipi ni bora kuliko zote. Swali hilo nimeacha kulijibu. Ninachouliza ni mambo mawili: programu hii itashika kazi gani, na yule atakayekaa mbele yangu anatumia nini kwenye simu yake.

Google Translate nimeipa kazi ya kamera. Unapakua Kichina kikae ndani ya simu, na hata intaneti ikikatika unaelekeza kamera kwenye lebo au bango, maandishi yanageuka palepale kwenye skrini. Hapa lazima uchague. Kuna maandishi yaliyorahisishwa, ambayo serikali ya Beijing ilianza kuyaeneza mwaka 1956 na ndiyo ya China bara na Singapore, na kuna ya jadi, yanayotumika Taiwan, Hong Kong na Macau. Sisi tunakwenda bara, tumechukua yaliyorahisishwa. Anayekwenda Taipei achukue ya jadi.

Microsoft Translator ni ya mazungumzo ya ana kwa ana. Kiswahili kimo, na inafunguka ndani ya China bila kuzunguka. Skrini inagawanyika: upande mmoja unasoma wewe, upande wa pili umegeuzwa ili asome aliye mbele yako, simu ikiwa imelala mezani kati yenu. Hakuna kunyang'anyana simu.

Pleco ni kamusi, haitafsiri sentensi. Imekuwapo tangu mwaka 2000, ni ya Kichina na Kiingereza tu, sehemu yake ya msingi ni bure na haihitaji intaneti. Nimeichukua kwa sababu inaonyesha maana zote za neno, wakati programu nyingine huchagua maana moja na kukukabidhi kana kwamba ndiyo pekee.

Halafu WeChat, ambayo Wachina wenyewe huiita Weixin. Hii ya Tencent, iliyoanza mwaka 2011, ndiyo simu, barua na pochi ya China. Ujumbe ukiingia kwa Kichina unaubonyeza kwa muda, chaguo la kutafsiri linajitokeza. Akaunti mpya mara nyingi hutaka mwenye akaunti ya zamani akuthibitishe kwa kuskani msimbo wa QR, jambo ambalo Kariakoo ni rahisi, maana kila jengo lina mtu mwenye WeChat. Ifungue hapa, usisubiri kumwomba mgeni kwenye korido ya hoteli. Alipay, programu ya kulipia, nayo tumeiweka na kuiunganisha na kadi zetu za benki.

Baada ya kupakua tukafanya jaribio ambalo nawasihi wote mlifanye. Andika kwa Kiswahili sentensi zako za dukani, zigeuze kuwa Kichina, kisha chukua kile Kichina ukirudishe kwenye Kiswahili kwa programu nyingine. Usijaribu "habari za asubuhi", hiyo kila programu inaiweza. Jaribu unayokwenda kuyasema kweli.

Nikaandika: "Nahitaji taa za pini za wati 9, mwanga mweupe." Ikarudi ikizungumzia pini za kubania nguo. Nikaandika upya: "Taa za LED, B22, 9 W, 6500 K." Ikarudi nzima bila kukwaruzwa, maana B22 ndiyo namba ya kitako cha pini dunia nzima, kama E27 ilivyo ya kile cha kuzungusha. Mdogo wangu akaandika: "Nitakuja kesho saa nne asubuhi." Kichina kikatoka na tarakimu 4. Mashine zimejifunzia kwenye maandishi mengi zaidi ya Kiingereza na Kichina kuliko ya Kiswahili, na saa zetu zinazohesabiwa tangu jua kuchomoza hazizijui vizuri. Tumeamua miadi yote iandikwe 10:00, 14:00, 16:30, hata kama tunazungumza Kiswahili.

Sentensi fupi, jina kamili la kitu, namba kwa tarakimu. Nimezibandika sheria hizo ukurasa wa mbele wa daftari.

Jumamosi, Guangzhou

Tumepitia Addis Ababa na kutua uwanja wa ndege wa Baiyun mchana. Kwenye laini nina neno.

Laini ya nyumbani ikitumika ugenini, data yake hurudi kupitia mtandao wa nyumbani, ndiyo maana Google na WhatsApp vimefunguka tangu pale uwanjani. Gharama yake ni kubwa. Laini ya China, iwe ya China Mobile au China Unicom, husajiliwa kwa pasipoti, ni nafuu na kasi yake ni nzuri, ila iko ndani ya ukuta wa intaneti wa China, Google na WhatsApp hazifunguki. Simu yenye nafasi mbili za laini inamaliza mgogoro huo: ya kwetu kwa kuwasiliana na nyumbani na kwa programu za Google, ya kwao kwa WeChat, Alipay na ramani. Ukiwa na laini ya China pekee, ile lugha uliyoipakua ndiyo itakayokuokoa.

Kwenye treni ya chini ya ardhi usihangaike na programu yoyote. Vituo vimeandikwa kwa herufi zetu pia, na matangazo hutolewa kwa Kimandarini, yaani Kichina rasmi, kwa Kikantoni na kwa Kiingereza. Sisi tumeshukia Xiaobei, njia ya 5. Hotelini nimeomba kadi yenye anwani kwa Kichina, nikaipiga picha, mdogo wangu naye akaipiga. Dereva wa teksi anasoma kadi haraka kuliko anavyosikiliza simu ikisema.

Jumapili, Xiaobei

Ukitembea mtaa huu utasikia Kiswahili kabla hujakitafuta. Tumekutana na mzee mmoja kutoka Lubumbashi aliyekuja kwa vipuri, na kina mama wa Bujumbura wenye maduka ya nguo. Mzee alituuliza tunatumia programu gani. Nilipomtajia akasema, "Mama, hizo zote nzuri, lakini mwulize Mchina anataka kutumia yake au yako. Akitumia yake atakuamini."

Nimeliwaza neno hilo jioni nzima, na nadhani amegusa penyewe. Muuzaji wa hapa ana Baidu Fanyi au Youdao, programu za kwao, ameshazizoea, anajua zinapomtupa. Anapozungumza kwenye simu yake mwenyewe husema sentensi ambazo anajua zitatoka vizuri. Ukimsogezea ya kwako anakuwa mgeni dukani kwake. Kwa hiyo kanuni ya safari hii: yeye aseme kwa kwake, mimi niseme kwa kwangu, na kila jambo la muhimu lihamie kwenye WeChat kwa maandishi ili kila mmoja abaki nalo.

Jumatatu, Sanyuanli

Siku ya mabegi. Masoko ya ngozi ya Sanyuanli yana maduka juu ya maduka, na kelele za mikokoteni na utepe wa maboksi ukichanwa. Kuzungumzia simu hapa ni kazi bure usipoisogeza mdomoni. Simu ikiwa mezani inabeba sauti za maduka matatu kwa pamoja na kutoa sentensi isiyo na mwenyewe. Mdogo wangu alishika simu karibu na midomo, akasema maneno machache, akaangalia kwanza kama Kiswahili kimeandikwa sawasawa, ndipo akaruhusu tafsiri. Huo utaratibu wa kusoma kwanza maneno yako mwenyewe unachukua muda mfupi sana na unaokoa mengi. Mashine ikikusikia vibaya, itatafsiri vibaya kwa ufasaha wote, na aliye mbele yako hatajua.

Bei hatukuzitafsiri kabisa. Kila muuzaji hapa ana kikokotoo kikubwa mezani. Anaandika yake, unaandika yako, mnarudishiana. Nawashauri namba zisitamkwe. Kwa Kimandarini nne na kumi zinakaribiana sana kwa sauti, na watu wengi wa kusini huzitamka karibu sawa. Kuna pia ishara za vidole ambazo zinafaa kujifunza kabla: kidole gumba na cha mwisho vikinyooshwa pamoja ni sita, vidole viwili vya shahada vikipishana ni kumi. Ukizijua hutamdhania mwenzako anakuaga.

Jambo la kufurahisha ni jinsi mdogo wangu alivyopatana bei kwa Kiswahili chake kizima. Alimwambia muuzaji, "Zipu hii ikikatika, mteja ananirudishia mimi. Weka zipu nene, niongeze oda." Sentensi mbili fupi, kila moja na jambo lake. Binti wa dukani akasoma, akaingia stoo, akatoka na mkungu wa zipu za kuchagua. Wakaelewana mbele yangu bila Kiingereza kupita kati yao kwa mdomo wa mtu yeyote, na mimi sikuchangia chochote.

Ila kuna neno alilorudia, "mzigo". Mara programu ilitoa bidhaa, mara ikatoa uzito wa kubebeshwa. Kwenye WeChat akaanza kuandika "mabegi 600" badala ya "mzigo wangu". Kiswahili kina maneno mapana, nayo yanatufaa sana tukiwa wenyewe. Kwa mashine, taja kitu kwa jina lake.

Jumanne, hotelini

Mvua. Tumeandikiana na kiwanda cha taa cha Guzhen kupanga kesho. Nimewatumia orodha yangu: aina ya kitako, wati, rangi ya mwanga kwa kelvini, volteji, idadi ya katoni, na picha ya taa tunayouza dukani sasa. Jibu lao lilikuwa na maandishi yaliyonisimamisha: "5w". Kwenye biashara ya taa mtu anasoma wati 5. Lakini Wachina huhesabu kwa makumi elfu, kipimo wanachokiita wan, na kwenye ujumbe wa simu hukifupisha kwa herufi w. Hivyo "5w" inaweza kuwa taa ya wati 5 au taa 50,000. Programu iliiacha ilivyo, maana haina njia ya kujua. Niliwauliza kwa tarakimu kamili: 5 W au vipande 50,000? Walikuwa wanataja uwezo wao wa kuzalisha.

Anayenunua taa, betri au chochote kinachopimwa kwa wati akariri hili kabla ya kuondoka Dar.

Jumatano, Guzhen

Guzhen ni mji mdogo wa Zhongshan, na taa ndiyo kazi yake. Tumepanda treni Guangzhou Kusini. Pasipoti ndiyo tiketi, unapita kwenye lango lenye mhudumu. Ukishuka, mitaa mizima ni maonyesho ya taa: za sebuleni, za barabarani, za kumbi za harusi, balbu za jumla.

Kiwanda chetu kinaendeshwa na mume na mke. Bosi alitukaribisha kwa chai, akafungua programu yake, tukaanza vizuri. Halafu mkewe akaingia, wakashauriana wao kwa wao, na simu yake ikaendelea kusikiliza na kuandika. Kilichotoka kilikuwa maneno yasiyoshikana: samaki, jana, mlango. Mdogo wangu aliniangalia. Wenye kiwanda walikuwa wamehamia Kikantoni, lugha ya mkoa huu, yenye sauti sita pale Kimandarini inapokuwa na nne, na programu iliyowekwa kusikiliza Kimandarini haiwezi kuishika. Google iliongeza Kikantoni mwaka 2024, na Microsoft na Baidu wanacho pia, lakini sikubadilisha chochote. Mazungumzo yale yalikuwa yao. Nilisubiri wakamaliza, bosi akarudi kwenye Kimandarini. Anayekuja mkoa huu wa Guangdong afahamu tu kwamba tafsiri ikigeuka kituko ghafla, pengine lugha imebadilika mezani.

Tukaja kwenye kiini cha safari yangu. Umeme wetu hupanda na kushuka, na balbu ya bei rahisi iliyotengenezwa kwa 220–240 V haivumilii. Nilitaka ile inayofanya kazi kuanzia 85 hadi 265 V. Bosi aliponionyesha sampuli mbili zinazofanana kabisa kwa sura, programu yake ikasema moja ni ya "shinikizo pana". Shinikizo la nini ndani ya taa? Niliomba aandike maneno hayo kwa Kichina kwenye karatasi, nikayachora kwa kidole kwenye Pleco, alama moja baada ya nyingine. Ya kwanza ni upana. Ya pili ni mgandamizo au shinikizo, lakini mifano iliyo chini yake ilikuwa na neno la volteji, ambalo kwa Kichina huundwa kwa umeme na shinikizo. Volteji pana. Ndiyo ile niliyokuwa naitafuta, na tofauti ya bei ikaeleweka.

Hapo ndipo kamusi inapolipa gharama ya nafasi yake kwenye simu. Programu ya sentensi ilinipa jibu moja lililopotoka kidogo, na ningeweza kulipuuza nikachukua sampuli ya bei ya chini. Pleco ilinifungulia neno nikaona lilivyojengwa. Kwa mtu wa vifaa vya umeme, pampu, mashine au vipuri, naiweka mbele ya programu zote za sauti.

Hatukuishia kwenye maneno. Bosi alichomeka sampuli kwenye kifaa cha kubadilisha volteji, akaishusha taratibu, tukaangalia ipi inazima mapema. Nilipiga video, nikaituma kwenye WeChat yetu palepale na maandishi: "Taa hii, 85–265 V, ndiyo ninayoagiza." Akajibu kwa kukubali. Ujumbe ule una tarehe, una picha, una namba, na upo kwa pande zote mbili.

Kabla ya kuondoka niliomba kuona leseni ya biashara. Kwa kawaida hubandikwa ukutani, na kamera inafanya kazi hii vizuri mno, kwa kuwa maandishi yake ni ya chapa na yamepangwa. Tazama jina la kampuni kwa Kichina, shughuli iliyosajiliwa, na namba ya usajili yenye tarakimu na herufi 18. Hasa hilo jina: ndilo linalopaswa kuwa jina la akaunti ya benki utakayolipia. Jina la Kiingereza lililo kwenye kadi yake linaweza kuwa la kujipamba tu. Nililinganisha alama kwa alama na akaunti waliyonitumia jana, zikafanana.

Mdogo wangu, aliyekuwa kimya siku nzima, aliniambia kwenye treni, "Dada, nilidhani tafsiri ni kuongea. Kumbe nusu ya kazi ni kusoma kuta."

Alhamisi, Guangzhou

Leo hakuna programu iliyoruhusiwa kuamua jambo. Mkataba umekuja kurasa kadhaa, Kichina na Kiingereza, na mimi kwa mkataba natafuta mtu.

Tumempata mkalimani kupitia kwa wakala wa mizigo, binti wa Kichina aliyesoma Kiswahili chuoni Beijing. Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vya China tangu miaka ya 1960, na waliokisoma wengine wako huku kusini wakifanya kazi na wafanyabiashara wetu. Alinisalimu, "Shikamoo dada," akakaa, akatoa kalamu nyekundu.

Alichofanya kwa asubuhi moja kinaonyesha wapi mashine inakoma. Kwenye kipengele cha dhamana, programu ilikuwa imenisomea vizuri kabisa: miezi 24. Yeye alisoma kinachofuata akauliza, "Dada, dhamana hii ni ya kubadilishiwa taa, au ya kupunguziwa bei oda inayofuata?" Kwa Kichina kilichoandikwa ilikuwa ya pili. Mimi nilitaka kubadilishiwa. Akapiga simu kiwandani, wakazungumza, wakacheka kidogo, kipengele kikaandikwa upya. Alinionyesha pia mstari unaosema lugha zikigongana Kichina ndicho kitakachofuatwa. Ni jambo la kawaida kwenye mikataba ya huku, na kwa sababu hiyo kurasa za Kichina ndizo zinazostahili jicho la mtu anayekijua. Mwisho akakagua muhuri. Katika biashara ya China muhuri mwekundu wa kampuni una nguvu kuliko sahihi ya mtu, na jina lililo ndani ya duara lazima liwe lile la leseni.

Malipo ni utaratibu uliozoeleka: asilimia 30 sasa, 70 kabla ya mzigo kutoka. Tumeongeza kwamba salio halilipwi mpaka ukaguzi wa ubora unaotakiwa na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, uwe umefanyika na cheti kimetoka.

Ada ya mkalimani ni ndogo sana ukiiweka kando ya thamani ya kontena. Naliandika hili kwa uzito, maana nimesikia watu wakisema siku hizi mkalimani ni anasa. Kwa kununua begi, kuuliza choo au kupanga miadi, simu inatosha. Kwa karatasi yenye muhuri, lipa mtu.

Ijumaa, Guangzhou

Tumeswali Ijumaa kwenye msikiti wa Xianxian, penye kaburi ambalo Waislamu wa huku wanalinasibisha na Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Uwanja umejaa watu wa mataifa mengi, Wachina wa kabila la Hui, Waarabu, Wasomali, Watanzania.

Baada ya hapo chakula. Kwa Mwislamu hapa, kamera peke yake haitoshi, na nataka hili lisomwe na kila anayekuja. Menyu ikiwa na neno la nyama bila kutaja ya mnyama gani, kwa Kichina mara nyingi huwa ni nguruwe. Kamera itakuandikia "nyama" na itakuwa haijakosea. Kariri alama mbili: 清真, ambayo ni halali na huwekwa juu ya mlango wa mgahawa, na 猪, ambayo ni nguruwe. Migahawa ya tambi za Lanzhou, mingi ikiwa ya Waislamu kutoka Gansu na Qinghai, ina alama ile ya kwanza, na ipo karibu kila mtaa. Ukiiona ingia, uelekeze kamera kwenye picha za ukutani uchague ng'ombe au kondoo.

Jioni mdogo wangu aliumwa tumbo. Duka la dawa lilituhudumia kwa simu yao, lakini kwa dawa nilitumia programu mbili tofauti kusoma boksi na kulinganisha: jina la dawa, kipimo, mara ngapi kwa siku. Zilipokubaliana, akameza. Zingetofautiana tungemwona daktari. Namba ya gari la wagonjwa China ni 120, ya polisi 110, ya zimamoto 119.

Jumamosi, Baiyun

Tunasubiri ndege. Katoni zimekwenda kwa wakala, na alama za mzigo zimeandikwa kwa herufi zetu na namba tu, zisomeke Guangzhou na zisomeke bandarini Dar.

Kazi ya lugha haimaliziki hapa. Kiwanda kitaanza kuzalisha wiki ijayo, na kila kitu kitakachotokea hadi kontena lifungwe kitapita kwenye WeChat. Nimewaomba watume picha ya lebo kabla ya kuchapa, video ya jaribio la volteji kwa kila fungu, na wingi kwa tarakimu kamili bila ile w. Mimi nitaandika Kiswahili kifupi kupitia programu, chini yake naweka sentensi hiyohiyo kwa Kiingereza, ili wakiona zinatofautiana waulize. Bosi ameshajibu kwamba mkewe ndiye atakayeshughulikia oda yetu, na kwamba anapendelea maandishi kuliko ujumbe wa sauti. Nami napendelea hivyo, kwa sababu sauti zake huja kwa Kikantoni.

Mdogo wangu anarudi huku Oktoba kwa maonyesho ya biashara ya Canton, yanayofanyika hapa Guangzhou mara mbili kwa mwaka tangu 1957, safari hii peke yake. Ameanza kuandika sentensi zake za mabegi kwenye daftari na kuzijaribu kwenda na kurudi, zipu, bitana, uzi, vipini, akifuta kila neno linalorudi na sura nyingine.